Rodah Alivyochambua Ahadi za Vyama

Rodah alikuwa karani wa kituo chetu cha majani chai, huku upande wa Silibwet, na majani mabaya hakuyapitisha hata yangekuwa ya mama yake mzazi. Ukimletea kikapu alikimwaga juu ya meza akatafuta majani mawili na chipukizi kwenye kila kitawi. Jani gumu alilitupa chini huku akikutazama usoni. Mimi nilimnunia miaka mitatu, na nakiri alikuwa na haki.

Mwaka ule wa uchaguzi, Nelvine, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba changa. Zahanati yetu ina chumba cha kujifungulia, lakini kilikuwa kimefungwa kwa kufuli tangu muuguzi ahamishwe. Kwenda hospitalini mvua ikinyesha ni kukwama kwenye tope. Mwaka uliotangulia jirani yetu alifia njiani na mtoto tumboni. Rodah aliogopa sana.

Wanasiasa wanajua mkulima haondoki kituoni kabla lori la kiwanda halijafika. Alasiri moja wakatuvizia wawili: Kipkurui, shemeji yake Rodah, wa chama ambacho tumekipenda tangu zamani, na Dorine, binti wa mfanyakazi wa kiwandani, wa chama pinzani.

"Sisi tutapatia kila mtu matibabu ya bure!" Kipkurui akatangaza. Tukapiga makofi. Dorine akaahidi hospitali kubwa ya kisasa. Tukapiga tena, makofi yetu hayabagui.

Rodah akayalaza juu ya meza makaratasi ya ahadi waliyotugawia. "Hapa mnajua sheria. Nataka kuona vitu tatu. Nesi wa hii zahanati yetu ataletwa na nani? Lini? Atatoka wapi?"

Kipkurui akacheka. "Shemeji, hiyo ni mambo ndogo. Si mimi ni damu yenu?"

"Damu ndiyo naogopa. Sitaki Nelvine aimwage kwa barabara."

Akayatupa chini makaratasi yote mawili, la shemeji yake likitangulia. Nilimwonea haya Kipkurui, kisha nikayaonea haya makofi yangu.

Wiki iliyofuata Dorine alirudi na karatasi iliyotiwa sahihi na mgombea wao wa ugavana: wauguzi wawili wapya, mwezi wa kumi. Kesho yake Kipkurui naye akaja, kanuna, na ya kwao: muuguzi mmoja atakayehamishwa kutoka mjini, mwezi wa tisa. Rodah akazisoma mara mbili, akazibandika zote ukutani. Tukabishana pale mpaka lori likatupigia honi.

Nilimpigia nani kura ni siri yangu. Walioshinda walichelewa wiki tatu, na kila wiki Rodah aliwapelekea picha ya karatasi yao. Kufuli ikafunguliwa.

Nelvine alijifungulia chumbani mle, mvua ikinyesha. Rodah akampokea mjukuu, akamgeuza huku na huku, akakagua vidole, masikio, kisogo. Kisha akalia mbele yetu sote.

"Huyu," akasema, "amepita."