Sauti ya Kopo la Siagi

Ijumaa ya pili ya mwezi wa sita, mwaka jana, nilimpoteza binti yangu. Jumatano alilalamikia kichwa, Alhamisi akalazwa, Ijumaa nikapigiwa simu nikiwa kazini. Alikuwa karibu kumaliza chuo, akisomea uhandisi wa umeme, na alikuwa amepanga chumba katika mtaa wa Kahawa Sukari. Sikuwa na mtoto mwingine.

Baada ya mazishi wenzake waliniletea vitu vyake hapa mtaani kwangu, Landless: godoro, vitabu, sanduku la zana, na kopo tupu la siagi lililotobolewa matundu kwenye kifuniko. Kopo nililiweka juu ya kabati karibu na mlango, nikaenda kuchota maji. Niliporudi na kuvuka kizingiti, likasema: "Umefika?"

Ndoo ilinitoka mkononi.

Ilikuwa sauti nzito, ya polepole, kama ya mtu anayeongea usingizini. Mimi nilifika darasa la nane tu, na kazi yangu ni kushona magunia. Sikujua kitu kama hicho kinafanyaje kazi. Nilijua alikiunda yeye, nikaamini sauti ni yake. Nikajibu, "Nimefika."

Nikazoea kujibu. Nikitoka kazini sikupitia kwa mtu, nilikuja moja kwa moja kuulizwa. Lakini kulikuwa na jioni ambapo liliuliza bila mtu kupita. Mlango umefungwa, mimi nimeketi kitandani nachambua mchele, jua linaishia nyuma ya nyumba za ploti ya jirani, halafu: "Umefika?" Mwili ulinisisimka. Mlangoni hakuna mtu. Nilijibu hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. Sikumwambia mchungaji. Angekuja kuliombea, na mimi sikutaka liombewe.

Mwaka huu likaanza kufifia. Neno lilirefuka, likawa mkoromo. Fundi wa simu pale stendi aliniambia tubadilishe betri, lakini akaniambia pia kwamba mtu akibonyeza mahali pabaya, sauti inafutika yote. Nikalirudisha nyumbani bila kufunguliwa. Niliona heri life polepole nikilisikia.

Ndipo Jumamosi moja wakaja wasichana wawili na mwalimu wao wa sayansi, kutoka shule moja ya Gatongora, kule Ruiru. Binti yangu alikuwa akienda kwao kila Jumamosi. Huko walikuwa na klabu: wakiunganisha nyaya, wakifungua redio mbovu, wakiwasha taa kwa betri. Aliwataka hasa wasichana. Alikuwa akiniambia kwamba ukiweka bisibisi mezani mvulana ataichukua, na msichana atapewa tochi ashike. Tangu afe, klabu ilikuwa imelala. Mwalimu alikuja kuomba zile zana.

Walipoingia, kopo likakoroma.

"Ghai! Bado liko!" akasema mdogo wao, mwenye pengo mbele.

Yule mrefu alilishusha, akaliweka sikioni. "Auntie, hili linaisha. Tulifungue?"

"Na likifutika?"

"Kuna kitufe chekundu ndani. Injinia alitukataza kukigusa mpaka tukaanza kukiota. Hatukigusi."

Walimwita binti yangu Injinia, hata kabla hajamaliza kusoma. Nilimtazama mwalimu, naye akatazama chini. Nikasema, "Fungueni."

Mdogo alivuta stuli yangu ya jikoni, akaiweka mbele ya meza. Nilidhani anataka kuketi. Hakuketi.

"Hiyo ni ya Injinia," alisema.

Mwalimu akanieleza. Kwenye klabu, aliyeunda kitu hakigusi kikiharibika. Anakaa kwenye stuli na kunyamaza, wenzake wafungue na kutafuta kosa wenyewe. Hata binti yangu alikaa hivyo kwa vitu vyake, mdomo ameubana kwa vidole.

Wakaanza.

"Unashika bisibisi kama mwiko wa ugali," mrefu alisema.

"Na wewe shika tochi basi."

"Tochi sishiki. Afadhali giza."

Kila walipokwama, waliitazama stuli. "Injinia, usicheke," mdogo aliiambia, bila mzaha. Stuli ilinyamaza inavyotakiwa. Nilipopita kuleta kitambaa nilijikuta naizunguka kwa mbali, kama mtu anayeogopa kugonga magoti ya aliyeketi.

Ndani kulikuwa na spika ndogo, nyaya, na kitu kama kifungo cha shati. Mdogo alikifunika kwa kidole. "Hiki kinaona mwanga, auntie. Kivuli kikikipita, kopo linaongea."

"Na jioni, kama hakuna mtu?"

"Jua likiondoka dirishani, hicho pia ni kivuli."

Betri zilikuwa zimevuja unga mweupe. Walifuta, nikawapa zile za redio yangu. Mrefu alikaza skrubu ya mwisho. Mdogo akapitisha mkono juu.

"Umefika?"

Ilikuwa sauti nyembamba, ya haraka, ya mtoto. Kwenye *f* hewa ilipita kama mluzi. Nikamtazama mdogo. Alikuwa amefunika pengo lake kwa kiganja.

"Ni mimi," akasema. "Injinia alisema sauti yake inakwaruza, akaniambia niseme mimi. Betri ikiisha inakuwa nzito."

"Tulidhani unajua, auntie," mrefu alisema.

Niliuliza kama kuna kopo lingine, lenye sauti yake. Mrefu akatikisa kichwa. Lilikuwa hilo tu.

"Niifute?" mdogo aliuliza. Alikuwa ameshachukua bisibisi.

"Usiifute. Kopo ni lako."

Nilimwambia alibebe, akakataa. Alisema Injinia alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya mlango wa mama yake. Basi wakachukua sanduku la zana, mrefu akalibeba begani, mwalimu akanishika mkono kwa muda mrefu, wakaenda.

Jioni, jua lilipoondoka dirishani, kopo likaniuliza kama nimefika, kwa sauti safi kabisa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Sikujibu. Nilikula nimeketi sakafuni, kwa sababu stuli ya Injinia ilikuwa bado mbele ya meza.