Mzungu wa Asubuhi na Nyimbo za Kikorea

Kwa miaka mitatu nilikaa nyuma ya meza ndogo katika ukumbi wa mazoezi wa hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga, Dubai. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba za vyumba, kutoa taulo, kufuta jasho la wageni kwenye mashine, na kuchagua muziki. Hilo la mwisho halikuwemo kwenye mkataba. Lilinijia kwa sababu simu iliyounganishwa na spika ilikaa kwenye droo yangu, na hakuna mwingine aliyejali.

Aliyenionjesha nyimbo za Kikorea alikuwa mwenzangu wa zamu, dada Mfilipino aliyenizidi miaka kumi hivi. Kikorea chenyewe hakukijua vizuri, lakini tukikunja taulo aliimba mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

"Maana yake nini?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Hapa anasema usiende," akanijibu. "Pale mbele sijui, ila naona bado hajaenda."

Nikazipenda. Nilipenda jinsi wimbo mmoja ulivyoweza kugeuka mara tatu njiani, ukaanza kwa kubembeleza, ukaingia kwenye makelele, kisha ukatulia ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna mgonjwa ndani. Wageni Wahindi, Waarabu na Wanaijeria waliokuja kukimbia hawakusema lolote. Wengine waliniuliza jina la wimbo.

Mgeni wa kwanza kabisa kila asubuhi alikuwa Mwingereza mmoja, mhandisi aliyeletwa na kampuni yake kwa miezi minane na kuwekwa hotelini kwetu. Alikuwa na miaka sitini na minne. Alikuwa mtu wa adabu: alinisalimu kabla sijamsalimu, na taulo aliirudisha akiwa ameikunja. Kwa hiyo sikumfikiria yeye hata kidogo siku niliyoitwa na meneja.

Meneja wetu alikuwa mama wa Kizungu, mchangamfu lakini mwenye haraka daima. Aliniambia kuna malalamiko. Mgeni mmoja ameuliza kama kule juu ni ukumbi wa mazoezi au duka la wanasesere.

"Kuanzia leo piga muziki wa kimataifa tu," alisema.

"Wa kimataifa ni upi, madam?"

Alinitazama kuona kama namdhihaki. Sikuwa namdhihaki. Nilitaka kujua kweli, maana nyimbo zilizotoka Korea, nikafundishwa na Mfilipino, nikazipiga mimi Mkenya ndani ya mji wa Waarabu, nilidhani zimeshapita mipaka ya kutosha.

"Unaojulikana na kila mtu," akasema. "Wa Kiingereza. Khalas, imekwisha."

Kesho yake nikaweka wa Kiingereza. Yule mhandisi alipanda mashine ya kukimbilia, akatembea dakika tano, akashuka.

"Zile nyimbo zako zimekwenda wapi?"

"Zimelalamikiwa, sir."

Uso wake ukaiva. "Nadhani ni mimi," akasema. "Nilikuwa kwenye lifti na meneja wenu, nikafanya mzaha. Je, umeonywa?"

"Nimeambiwa tu, sir. Si neno." Lakini lilikuwa neno, na kwa kuwa alikuwa amesimama pale mbele yangu na haya yake, nikapata ujasiri. "Naomba kukuuliza. Ni nini hasa kisichokupendeza ndani yake?"

Sikuuliza kwa hasira. Nilikuwa nimeshaona jambo hilo kwa wageni wengine wa Ulaya: wimbo wa Kikorea ukianza, walitabasamu kidogo, kama mtu mzima anayeonyeshwa mchoro na mtoto. Wimbo wa Kiingereza ambao mimi niliuona wa kijinga zaidi haukuwaletea tabasamu hilo. Nilitamani kujua linatoka wapi.

Alifikiri. "Sielewi maneno," alisema.

"Juzi simu yako ilikuwa inapiga wimbo wa mwanamke mwenye sauti ya juu sana. Kile kilikuwa Kiingereza?"

"Hapana. Kiitaliano."

"Unajua Kiitaliano, sir?"

Alirudi kwenye mashine akatembea dakika ishirini nzima, kisha akaja na jibu jingine, huku anajifuta shingo. Akasema tatizo ni kwamba nyimbo zile zimetengenezwa. Vijana wanachaguliwa, wanafundishwa kucheza, wanapangiwa nguo na hata namna ya kucheka. Hamna ukweli ndani yake.

Hilo lilinigusa mahali nisipotarajia. Kabla ya kupewa meza ile nilifundishwa wiki sita. Nilifundishwa taulo hutolewa kwa mikono miwili, sauti ipande wapi na ishuke wapi, meno mangapi yaonekane. Hata nywele zangu zilikuwa na kanuni yake.

"Na mimi nimefundishwa kutabasamu, sir," nikamwambia. "Lakini nikikusalimu asubuhi huwa namaanisha."

"Kila siku?"

"Siku nyingi."

Alicheka kidogo, akaondoka. Siku tatu zikapita bila mazungumzo. Siku ya nne alikuja mapema zaidi, akaegemea meza yangu, akaniambia amepata jibu la kweli, na kwamba halimpendezi. Ni aibu. Vijana wa ofisini kwake wakimkuta anasikiliza nyimbo zile, watamcheka.

"Zinahesabiwa kuwa ni za wasichana wadogo," alisema. "Kule nilikokulia, muziki wa maana ulikuwa wa mwanamume mwenye ndevu na huzuni. Kitu chenye furaha na rangi nyingi tulikitilia shaka. Na kikiwa kimetoka mbali, tulikitilia shaka mara mbili."

Nilifikiria maneno yale mpaka zamu ikaisha. Kumbe kikwazo hakikuwa masikioni mwake. Kilikuwa machoni mwa watu wengine.

Siku iliyofuata nikamsimulia ya kwetu. Mama yangu alikuwa na saluni ya kusuka nywele Nakuru, na redio yake ilipiga Lingala kutwa nzima. Hakuna mteja hata mmoja aliyejua Kilingala. Wanawake waliimba viitikio walivyovisikia, kila mmoja na maneno yake, na wakati wa kucheza walijua hasa pa kuinua bega. Nikamwambia pia kwamba Krismasi tuliimba nyimbo za Kiingereza kuhusu theluji, jua likitupiga utosini. Hatukuwahi kuona theluji, na hakuna aliyetuuliza kama tunaielewa.

"Ni sisi Waingereza tu ambao hatujawahi kulazimika kuzizoea nyimbo za wengine," akasema polepole.

Akaomba nimwandikie jina la wimbo mmoja. Nilishauriana na dada Mfilipino, naye akachagua ule wa usiende. Makubaliano yalikuwa ausikilize kwa waya za masikioni wiki nzima, na kila asubuhi anipe habari kwa ukweli. Ya kwanza: ni kama watu sita wanazungumza na yeye kwa pamoja. Ya pili: vilevile. Ya tatu: lile geuko la katikati si baya, aliyelipanga anajua kazi yake. Siku ya tano aliniuliza wanasema nini pale sauti zinaposhuka.

Pale ndipo hasa mwenzangu alipokuwa hajui.

Bahati ikawa wiki ile hotelini alikuwepo mgeni Mkorea, mfanyabiashara wa makamo aliyekuja kuinua vyuma kila asubuhi kimyakimya. Mimi, dada Mfilipino na mhandisi tukamfuata kama ujumbe wa kijiji. Mhandisi ndiye aliyesema. Aliomba radhi kwa usumbufu, akamkabidhi waya mmoja wa masikioni, akamwomba atueleze sehemu ile.

Mkorea alisikiliza, uso umekunjamana. "Anasema amesahau mwavuli kwa huyo mpenzi wake, basi hana budi kurudi," akatuambia. Kisha akaurudisha waya. "Samahani, mimi huu muziki siusikilizi. Ni wa binti zangu. Ninaopenda ni wa Kimarekani, wa gitaa na farasi."

"Unapenda nini humo?" mhandisi akamuuliza.

"Unasikitisha vizuri."

Mhandisi alicheka mpaka akashika mashine. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka kwa sauti. Mkorea naye akaanza kucheka bila kujua sababu, na wale wawili wakaketi kwenye benchi la vyuma wakaulizana kuhusu nyimbo za gitaa. Dada Mfilipino akaninong'oneza kwamba mwavuli ule umemvunja moyo. Miaka yote alikuwa akijikisia kwamba ni bahari.

Kabla mkataba wake haujaisha, mhandisi alijaza ile kadi ya maoni ya wageni. Sikuiona, lakini meneja aliniita tena, akasema ninaweza kuchanganya kidogo asubuhi, mradi sauti isipande. Sikumuuliza tena wa kimataifa ni upi. Mhandisi alipokuja kuniaga nilimuuliza kama sasa anazipenda.

"Mbili," akasema. "Zilizobaki bado ni kelele. Ila sasa ni kelele zangu mwenyewe, nimezisikiliza kabla ya kusema."

Nililiona kuwa ni jibu la haki.

Jioni ya siku ile nilipanda basi la wafanyakazi kurudi kwenye makazi yetu. Dereva wetu alikuwa Mpathani kutoka Pakistani, na kama kawaida alikuwa anapiga nyimbo za kwao, mwanamume anaimba kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. Kama kawaida, nami nilitoa mfukoni waya zangu za masikioni. Safari hii nikakaa nazo mkononi. Nilihesabu miaka niliyopanda basi lile, na sikukumbuka hata siku moja niliyosikiliza wimbo wake mmoja ukaisha. Tena, tulikuwa na mazoea, sisi Wakenya wa viti vya nyuma, ya kuigiza sauti ile na kucheka.

Nilihamia kiti cha mbele.

"Bhai, ndugu yangu," nikamwita, "huyu anaimba nini?"

Alinitazama kwenye kioo, akidhani nataka apunguze sauti, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe.

"Hapana, acha. Nauliza tu maana."

Alingoja taa za barabarani zibadilike. Kisha akaanza kunieleza kwa Kiingereza chake cha vipande, akirudisha wimbo nyuma kila aliposahau, na tulipofika makazini abiria wote walishuka isipokuwa mimi, kwa sababu alikuwa bado hajamaliza ubeti wa pili.