Cheti Kilichokaa Moshini

Mwaka wa Wadachi, wale Wajerumani waliotutawala, ulianza wakati ambao kwetu Ugogoni hakuna kinachoanza. Mvua ilikuwa imekwisha kushika, uwele umefika magotini, na kila mwenye mikono alikuwa shambani akipalilia. Nyumbani nilibaki mimi, najiandaa kutafuta kazi. Huo ulikuwa mwaka wa pili wa kujiandaa, na msinicheke: mtu anayejiandaa vizuri hachelewi, anakawia tu.

Nilikuwa nimesoma shule kubwa ya serikali kule pwani, nikapewa cheti chenye mhuri wa tai. Kabla sijakipokea zilinifikia habari kwamba mama anaumwa. Nikangoja kwanza nipewe cheti, ndipo nikaondoka, nikakuta amezikwa siku tatu. Basi nikabaki na bibi yangu katika nyumba yetu ya tembe upande wa Hombolo: sisi wawili, ndama wawili, na beberu mmoja mkorofi. Vijana wa rika langu wote walikuwa wamefuata reli. Jioni nilikaa nje nikitazama wapita njia, nikitumaini mmoja atageukia kwetu aje tuongee. Waliokuwa na haraka walipita, na wasio na haraka pia walipita.

Binamu yangu, kibarua wa reli, ndiye aliyeleta habari alipokuja kumsaidia bibi palizi.

"Stesheni ya Dodoma karani mmoja anahamishwa," aliniambia. "Jumatatu ya pili ya mwaka wao wanachagua mwingine. Mwenye cheti aende nacho."

"Vizuri. Nitajiandaa."

"Wewe bwana! Hata kuku anayeatamia hushuka mara moja akanywa maji."

Akarudi relini kwake, nami nikaanza. Nilifua kanzu. Kwa kuwa jua halikuwepo, niliianika juu ya meko, ikanuka moshi, nikaifua tena, nikaianika palepale. Nilikoroga wino wa masizi, nikaandika barua ya maombi kwa herufi za Kidachi, zile zenye ncha kama miiba ya mgunga. Barua ya kwanza ilikuwa na unyenyekevu mno. Ya pili haikuwa nao kabisa. Ya tatu ilikuwa nzuri sana, nikaidondoshea mlenda.

Kisha nikaona yafaa nijizoeze kusimama mbele ya mkubwa. Mkubwa aliyekuwepo ni beberu, aliyefungwa kigingini kwa kosa la kula uwele wa jirani. Nilisimama mbele yake, visigino pamoja, nikampa salamu ya Kidachi. Alinitazama kwa yale macho yake ya manjano, akitafuna, kama mtu aliyekwisha kuamua. Nikamjibu maswali ambayo hakuyauliza: nimesoma miaka mingapi, kwa nini nimekaa nyumbani. Hilo la pili lilinichukua muda. Ukweli ni kwamba siku nyingine, tangu bibi aondoke alfajiri mpaka arudi, sikuwa na mwingine wa kumwambia neno.

"Mume wangu," bibi alikuwa akinisalimu akirudi na jembe begani. Kwetu bibi humwita mjukuu hivyo, na mjukuu haruhusiwi kununa. "Leo umelima nini?"

"Nimelima barua, mke wangu."

"Itaota?"

"Ikinyeshewa."

"Haya, ale mwenye shamba la barua," akasema, akinisogezea bakuli.

Kutoka kwetu hadi Dodoma ni mwendo wa kutwa, kwa hiyo Jumamosi jioni nilikuwa tayari. Kilichobaki ni kimoja tu: kumwomba bibi cheti. Nilimkabidhi siku ile ile niliyorudi, kwa kuwa sikutaka kukiona. Nilimwambia, "Kiweke, nitakihitaji mwakani."

Bibi alinyanyua mkono juu ya meko, mahali tunapotundika vibuyu vya mbegu, akashusha kimoja, cheusi kama chungu. Akakigonga. Ikadondoka karatasi.

Ilikuwa imejikunja na kuwa kahawia kama gome la mti. Maandishi ulipaswa kuyabembeleza ndipo yaonekane. Tai wa mhuri alikuwa amegeuka kunguru.

"Bibi! Umeifanya nini?"

"Nimeitunza. Hukusema ni ya mwakani? Kitu cha mwakani huwekwa wapi? Mbegu isiyokaa moshini huliwa na fukusi. Ulitaka ya kwako iliwe?"

Hakuna nyumba kwetu isiyotundika mbegu juu ya moto. Mimi msomi nilikula ugali chini ya kibuyu kile kwa miaka miwili bila kuuliza karatasi yangu iko wapi. Moyo wangu uliruka, na aibu yangu mpaka leo ni kwamba uliruka kwa furaha.

"Basi siendi," nikasema, nikijitahidi kuonyesha huzuni. "Nani atampa kazi mtu mwenye cheti cha kubanika? Nitaandika pwani waniletee kingine. Mwakani nitakwenda."

Bibi alisukuma kuni. Kisha akakipindua kibuyu, akakipiga kitako mara mbili ili nione hakuna kinachotoka.

"Mbegu za humu zote ziko shambani tangu mvua za kwanza, mume wangu. Umebaki wewe."

Nikaiokota karatasi, nikaikunja vizuri.

"Usidhani nakufukuza," akasema. "Ukienda mimi nitaongea na nani? Na yule beberu wako?"

"Ni msikivu."

"Nimewaona. Yeye ana adabu kukushinda, hakukatizi."

Niliondoka alfajiri. Hakunisindikiza, alisema magugu hayangoji. Nilipogeuka kutazama, niliona mgongo wake tu, umeinama kwenye shamba pana la uwele ambalo hakuna mwingine aliyekuwa akilipalilia. Nilingoja kidogo, pengine atainuka. Hakuinuka, nami nikajua hakutaka nimwone uso.

Jumatatu tulikuwa saba mbele ya mlango wa stesheni. Nilipoitwa, Mdachi hakuniuliza cheti. Hakuniuliza hata kwa nini nilikaa nyumbani, swali nililolijibu vizuri sana mbele ya beberu. Alinisukumia karatasi na kalamu, akanisomea majina ya stesheni niyaandike. Akautazama mwandiko wangu wa miiba, akawaita wengine mmoja mmoja, kisha akaninyooshea kidole. "Kesho. Saa kumi na mbili."

Karani wake, mtu wa pwani, alinisogelea akivuta pua.

"Ndugu, umekuja na nyama iliyokaushwa moshini?"

"Ni cheti changu, bwana."

Alicheka mpaka akafuta machozi. Cheti chenyewe hakuna aliyekifungua.

Nikatoka nje nikiwa mtu mwenye kazi. Pale stesheni watu walijaa, kila mmoja akiitana na mwenzake, na habari kubwa kama ile haikai mdomoni. Nyuma ya ghala palikuwa na mbuzi wa mtu, amefungwa kigingini. Nikatazama huku na huku, nikasimama mbele yake, visigino pamoja, nikamwambia nimepata kazi.

Alinitazama, akageukia majani yake. Hakunijua.