Maji Aliyoyalinda Tonton

Waasi walipouchukua mji, nilikuwa na diploma niliyoipata wiki tano kabla, na tai moja. Mama aliichoma tai jikoni. Diploma aliitia ndani ya bati la biskuti, akaizika chini ya mtungi, kwa sababu watu walisema kila anayejua Kifaransa vizuri atahesabiwa kuwa mtu wa serikali iliyoanguka. Kisha akanituma kwa kaka yake, Tonton wangu, ng'ambo ya Bengamisa, kwenye shamba la kahawa ambalo mwenyewe, Mbelgiji tuliyemwita Patron, alilikimbia mwezi ule wa uhuru. Ulikuwa mwaka wa nne tangu aondoke, na Tonton alikuwa bado analinda.

Hakulinda kahawa. Kahawa ilikwisha kumezwa na msitu. Alilinda mto.

Ni mto mdogo, unatoka chini ya mwamba nyuma ya nyumba ya Patron, baridi kiasi cha kuuma meno, na maji yake ni meupe hata unaweza kuhesabu kokoto. Miaka minne kabla ya uhuru, Patron alitia mkono mle akakumbuka mito ya kwao. Akaagiza samaki wa kwao, truite, ambao Tonton aliwaita turiti. Waliletwa wangali wadogo kutoka milima ya Kivu, walikokuwa wakifugwa, kwa ndege, ndani ya mapipa yenye barafu. Tonton alikuwepo walipomiminwa. Walikuwa na urefu wa kidole, alisema, na madoa mekundu ubavuni kama mtu amewagusa kwa ncha ya kalamu. Siku hiyo alipewa shati la kaki, filimbi, na amri moja: mtu asiingie katika maji haya.

Kabla ya siku hiyo mto ulikuwa wa wanawake. Kila kiangazi waliufunga kwa udongo na magogo ya migomba, wakachota maji kwa mabeseni mpaka samaki wabaki wanarukaruka kwenye tope. Walichota wakiimba nyimbo za kuwatukana waume zao, na mwanamume hakusogea karibu mpaka wamalize. Samaki wa kwanza alipewa mkubwa wao. Mkubwa wao alikuwa Mama Mukubwa, dada mkubwa wa mama yangu na wa Tonton.

Kiangazi cha kwanza baada ya turiti kuja, Mama Mukubwa alishuka mtoni na kikapu chake kama kawaida. Tonton akapiga filimbi. Mama Mukubwa akacheka, akaendelea kushuka. Tonton alimnyang'anya kikapu akakikata kwa panga, vipande viwili, mbele ya wanawake wote. Tangu siku hiyo Mama Mukubwa hakula tena chochote nyumbani kwa ndugu yake, hata maji hakunywa, na hakumsemesha.

Nilipofika mimi, barabara ilikuwa imefungwa na chumvi imekwisha. Tulikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na ladha asubuhi na jioni. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na wanawake walikuja kusimama mbele ya nyumba karibu kila siku. Kwa kuwa Mama Mukubwa hakumsemesha Tonton, alisema na mimi, naye Tonton akajibu kwangu, ingawa walikuwa hatua tatu mmoja kutoka kwa mwingine.

"Mutoto wa dada yangu, uliza ule polisi ya samaki kama anasikia njaa."

"Mwambie samaki iko na mwenyewe."

"Mwenyewe iko Ulaya, anakula nyama."

"Bon. Kama si ya Patron, ni ya Serikali."

"Serikali gani? Ya asubuhi ao ya magaribi?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Tonton hakucheka. Alikuwa amevaa lile shati la kaki, kola imeisha kabisa. Miaka minne hakuna aliyemlipa, na kila asubuhi aliutembea ule mto kutoka mwamba mpaka daraja.

Siku moja alileta daftari lenye jalada jeusi alilolitoa katika nyumba ya Patron. Ufunguo alikuwa nao yeye.

"We uko na diploma. Soma, uone kama aliandika siku ya kurudi."

Nilisoma barazani, yeye ameketi mbele yangu, akiangalia midomo yangu. Mvua, kahawa, dawa ya kahawa, homa ya mke wake. Kisha nikafika kwenye mistari michache ya mwaka ule ule turiti walipoletwa. Naikumbuka yote. Truite wa mwisho amekufa leo. Maji haya ni baridi kwa mkono wangu, si kwa samaki wale. Sitasema kitu. Mlinzi anawazuia wanawake vizuri, na mashine ya kuoshea kahawa haijapata kuwa na maji safi hivi.

"Anasema nini?"

"Mvua, Tonton."

Siku tatu niliwaza. Nikimwambia, atajua kwamba karibu miaka minane amelinda maji matupu. Nisipomwambia, ataendelea kulinda nasi tutaendelea na njaa. Nikimwambia peke yake, hataweza kuwaeleza wanawake. Nikiwaambia wanawake kwanza, nitakuwa nimemvua nguo hadharani. Nilifikiria mpaka jinsi nitakavyokaa wakati wa kusema, kama nisimame au niketi. Mwishowe nilipata njia niliyoiona ya akili, na hata leo nikiona njia ya akili mwili hunisisimka.

Nilifungua daftari mbele ya Tonton nikasoma maneno yasiyokuwemo. "Nisiporudi baada ya viangazi vinne, maji yafunguliwe. Samaki wote ni wa mlinzi wangu."

Nilidhani atashukuru kimyakimya, afungue maji, na wanawake wakikosa turiti aseme labda mafuriko yaliwachukua. Nilikuwa nimepanga mpaka mafuriko. Sikupanga furaha yake.

Tonton alifua shati la kaki. Kesho yake alipita nyumba kwa nyumba akipiga filimbi, akawaambia watu wote kwamba daftarini Patron amemrithisha samaki, wakubwa sasa kama mkono wa mtu, wenye madoa mekundu, na kwamba wa kwanza atampa dada yake. Mbele ya nyumba ya Mama Mukubwa aliweka kikapu kipya alichokisuka mwenyewe. Mama Mukubwa alikigeuza huku na huku. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka minane, akasema na ndugu yake.

"Mukono yako iko mubaya kwa kusuka," alisema. "Lakini nitakuja."

Walichota kuanzia asubuhi. Sikuruhusiwa kukaribia, nilikaa juu kwenye mwamba na Tonton, tukisikiliza nyimbo. Walimtukana na yeye pia, na alikuwa anacheka kila akisikia jina lake. Jua lilipopanda nyimbo zikapungua. Kisha hatukusikia ila mabeseni. Kisha hata mabeseni yakanyamaza.

Tulipoitwa, mto ulikuwa tope. Ndani ya vikapu kulikuwa na kaa, kambare wawili watatu wembamba, wale tunaowaita ngolo, na vile visamaki ambavyo watoto huokota kwa mkono. Tonton aliingia kwenye tope na shati lake safi. Alipapasa chini ya mizizi, chini ya mawe, mkono mpaka begani. Hakuna aliyemwambia atoke.

"Iko wapi?" aliuliza Mama Mukubwa.

"Walikuwa humu."

"Nauliza iko wapi, kaka." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Miaka munane unafukuza watoto yetu hapa. Miaka munane. Alors ulikuwa unakula yako peke yako?"

Kwetu mtu anaweza kusamehewa mengi. Anayekula kwa kujificha huku nduguze wana njaa hasamehewi. Wanawake waliguna. Tonton akanitazama mimi.

Ilinipasa kusema palepale. Badala yake niliwaza, nikisema kweli bila karatasi hawataamini, kwa hiyo lazima karatasi iwepo. Nikakimbia kulileta daftari. Nilirudi nahema, nikasoma mistari ile, neno kwa neno, na kuitafsiri.

Mama Mukubwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Juzi karatasi ilisema samaki ni ya mulinzi," alisema. "Leo inasema samaki walikufa. Kesho itasema nini, mutoto wa masomo?"

"Juzi nilidanganya, Mama."

"Na leo unasaidia tonton yako."

Akakiweka kile kikapu kipya juu ya tope, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Wakaondoka wote na visamaki vyao.

Tonton alikuwa bado amesimama mtoni. Maji yalikuwa yameanza kurudi kutoka mwambani, safi kama kawaida, yakimpita kwenye vifundo vya miguu. Aliniita niteremke na daftari. Hakujua kusoma, lakini alitaka nimwonyeshe mstari wenyewe. Niliuonyesha. Aliweka juu yake kidole chenye tope.

"Hii inasema alikufa?"

"Ndiyo, Tonton. Wa mwisho."

"Mwezi gani?"

Nikaangalia. "Wa kumi."

Niliona anahesabu, midomo ikitikisika.

"Kikapu ya dada nilikata mwezi wa saba," alisema. "Samaki ilikuwa bado muzima." Akagusa tena mstari. "Kisha hii."

"Ndiyo, Tonton."

Yeye peke yake ndiye aliyeniamini. Aliinama akaokota kikapu, akakisuuza vizuri katika maji, akakining'iniza kwenye tawi kikauke. Barabara ilipofunguliwa na mimi kurudi mjini, kilikuwa bado pale. Mama aliifukua diploma. Unyevu ulikuwa umeingia ndani ya bati, lakini jina langu linasomeka.