Andiko Nililochelewa Kumsomea Mama Agripina

Mwanangu, ipo siku moja ya kijijini Mchombe ambayo hadi leo hainitoki akilini. Nakusimulia kwa sababu umeniambia kampuni imekupa kazi ya kuandika andiko la kitaalamu, lile la kumweleza mteja tatizo lake na namna ya kulitatua, kabla hujamwomba anunue. Mimi nami niliwahi kuandika moja, ujanani, nilipoajiriwa pale Ifakara na muuzaji wa mashine za kukoboa mpunga.

Niliandika kurasa kumi na mbili, sifa tupu: mashine ina nguvu, haili mafuta, mchele hautoki chenga. Nikapanda basi hadi Mchombe, nikawasomea kikundi cha wakulima. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mwenyekiti wao, Mama Agripina, aliyelima mpunga tangu usichana wake, akaniuliza taratibu, "Binti, mashine yako tumeisikia. Mpunga wetu umeuandika wapi?"

Nilikunja kurasa zangu. Nusura niondoke na basi la jioni, lakini alinishika mkono akanipeleka kwake, nikakaa siku tatu. Alinikalisha kando ya turubai alikoanika mpunga, akanifundisha kung'ata punje ili nijue kama imekauka sawasawa. Akanieleza kwamba mpunga ukichomwa na jua kutwa nzima kisha ukalowa umande, punje hupasuka ndani kwa ndani; chenga zimeshapatikana kabla mashine haijawashwa.

"Andika na pale ambapo mashine yako haisaidii," aliniambia. "Ukinificha hilo, na hayo mengine sitakuamini."

Niliandika upya. Bosi wangu alinung'unika kwamba nafundisha watu kuanika mpunga badala ya kuuza mashine. Lakini wakulima walisomeana lile andiko, likafika hadi kijiji cha Namawala, wakaanza kuja dukani wakijua wanachokitaka. Wengi walinunua.

Mama Agripina alikuwa ameniomba kitu kimoja tu. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, hivyo andiko likishachapwa nimpelekee, nimsomee. Nilimwambia wiki ijayo. Wiki ikazaa wiki, mimi na kazi, mimi na kusifiwa. Nilipofika hatimaye, binti yake alinipokea, akaniambia mama walikwisha kumzika. Akaniomba nisome hivyohivyo. Nilipomaliza akauliza, "Jina lake mmeliweka?"

Nilikuwa nimeandika "wakulima wanasema", basi.

Natamani, mwanangu, ningepata hata saa moja kando ya lile turubai, nimsomee polepole, anikatishe, anisahihishe. Nimeyasoma maandiko yangu mbele ya wakubwa wengi tangu hapo. Msikilizaji niliyemtaka alikuwa yeye.

Basi nawe, kabla hujaandika neno, nenda ukakae na mwenye tatizo mpaka akueleze kwa maneno yake. Sema kweli, useme na pale bidhaa yako inapoishia, maana mteja humwamini asiyemficha. Aliyekufundisha mwombe ruhusa umtaje, kisha umtaje. Na kazi ikikamilika mrudishie upesi, angali yupo wa kukusikia.

Mungu akupe maneno ya kweli na miguu isiyochoka kurudi kwa watu. Kila mlango utakaobisha hodi katika bonde letu hili la mpunga ufunguliwe, na ukaribishwe ndani kama mtoto wa nyumba hiyo.