Macho ya Bibi

Juzi, kwenye kibanda cha chai hapa Geita, mtu alimtania mwenzake aliyetoka kusaga mawe ya dhahabu: "Wewe, macho mekundu kama kikongwe mchawi!" Watu walicheka. Nami nilicheka, kisha chai ikanishinda.

Nilipokuwa mdogo, kijijini kwetu Shinyanga, kuni zilikuwa adimu na Bibi alipikia kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moshi wake ulikuwa mzito na mchungu. Mchana mmoja jirani yetu, Mama Kulwa, alikuja kuomba chumvi. Bibi alipotoka jikoni akijifuta machozi, nilipaza sauti kama tulivyotaniana shuleni: "Bibi, macho mekundu kama mchawi!"

Hakuna aliyecheka. Mama Kulwa aliondoka bila chumvi. Bibi alinishika bega.

"Mjukuu wangu, utaniua."

Nilidhani ananitisha tu. Sikujua kwamba kwetu vikongwe walikatwa mapanga kwa macho kama yale.

Tangu siku hiyo alinawa uso kabla ya kumfungulia mtu yeyote mlango. Nilipokua nilimnunulia jiko la gesi. Aliendelea kunawa, hadi tulipomzika mwezi uliopita.