Mtani Aliyejifunza Adabu

Hildegarda alianza kumdharau Mudi siku Mudi alipopiga hodi.

Kwa miaka thelathini Mudi hakuwahi kupiga hodi katika nyumba ile ya Kimamba. Aliingia moja kwa moja mpaka jikoni, akafunua sufuria na kujichagulia pande la nyama. Alikuwa na haki hiyo. Kasiani, mume wa Hildegarda, alikuwa Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge. Mudi alikuwa Msagara wa Zombo, na Wanyamwezi na Wasagara ni watani. Mtani hukuchukulia kuku huku ukimtazama, hukutukana mbele ya wakwe zako, na ukifa ndiye huvaa nguo zako akakuigiza kaburini mpaka waliokuja kulia wacheke.

"Nyie mlipita hapa na mizigo vichwani," Mudi alizoea kumwambia Kasiani pale karibu na stesheni, Kasiani alipokuwa akitengenezea baiskeli. "Mkaitua mpumzike kidogo, basi ndiyo mpaka leo."

"Na nyie wenyeji mlitutazama tukipumzika," Kasiani alimjibu bila kuinua uso kutoka kwenye ringi, "mkaona hata hiyo kazi ni nzito."

Kisha Mudi akauza shamba la baba yake, akahamia Mikumi na kujenga loji ya vyumba kumi kando ya barabara kuu. Akaiita Twiga Paradaizi. Watalii walipita wakielekea hifadhini, wengine wakalala kwake, na Mudi akaanza kujifunza namna ya kuinamisha kichwa.

Ule mwaka wa mafuriko, mwezi wa tatu, maji yaliingia shambani kwa Hildegarda, yakaondoka na heka mbili za mahindi. Siku ya nne gari likasimama nje. Mtu akapiga hodi, akasubiri, akapiga tena.

"Poleni sana kwa changamoto," alisema Mudi mlangoni.

Hildegarda alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeambiwa. Mahindi ya mwaka mzima yamekwenda na maji, mtu aliyeyala mahindi hayo tangu ujana wake anasimama kizingitini na kuyaita changamoto. Jikoni hakukanyaga. Alikunywa chai sebuleni, akashukuru mara mbili.

Mkewe, Shamimu, alikuja naye akiwa na wigi na kucha ndefu za rangi ya zambarau, na viatu vilivyozama kwenye tope hata ikabidi ashikwe mkono kama bibi harusi. Huyo mke, Hildegarda alishamdharau kitambo, wala hakuhitaji sababu mpya. Shamimu alileta mablanketi na kupiga picha za tope.

Mwezi wa sita Loveth, binti wa Hildegarda na Kasiani, aliolewa na Bryson, mwalimu wa Kilosa mjini. Hiyo ndiyo furaha kubwa waliyoipata mwaka ule, na mtani alitakiwa aichafue kidogo: azuie mlango bibi harusi asitoke, adai kwamba huyo ni mke wake na mahari alishalipa. Watu walimsubiri. Mudi akasimama na suti ya kijivu, akashika kipaza sauti.

"Kwa niaba ya uongozi wa Twiga Paradaizi, tunawatakia maharusi maisha yenye mafanikio."

Akatoa jokofu. Ukumbi ukapiga makofi. Hildegarda naye alipiga, makofi matatu, akatia mikono yake chini ya kitenge.

"Amechoka tu," Kasiani alimtetea rafiki yake walipofika nyumbani.

"Hajachoka. Amestaarabika," alisema Hildegarda, kwa sauti ya mtu anayetaja upele.

Mwezi wa tisa figo za Kasiani zikashindwa. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, na wote wawili wakajua kwa nini amerudishwa. Jioni moja alimwita mkewe akae kando ya kitanda.

"Nikienda, muite Mudi. Anicheke vizuri."

"Mudi huyu wa sasa?"

"Huyo huyo, sina mwingine. Baba yangu alichekwa mpaka padri akageukia pembeni. Sitaki kuzikwa kama ofisa, mama Loveth. Eti watu wasome wasifu, waondoke."

"Atakucheka," alisema Hildegarda, akijua kwamba ameahidi kitu ambacho hana.

Kasiani alifariki mwezi wa kumi na moja. Hildegarda alipiga simu Mikumi mwenyewe.

"Mtani wako amekufa. Njoo na mdomo wako."

Mudi akasema, "Nimepokea taarifa kwa masikitiko makubwa."

Hildegarda aliiondoa simu sikioni, akaitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye ugali.

Mudi alifika na suti nyeusi, miwani ya giza na shada la maua kutoka Morogoro. Akaketi mstari wa mbele, pembeni ya diwani. Wasifu ukasomwa: alizaliwa, akasoma, akaoa, akaugua. Angeweza kuwa mtu yeyote. Walipofika kaburini, jeneza likawekwa kando ya shimo, na wazee wakaanza kukohoa na kumtazama Mudi. Mudi alitazama viatu vyake.

"Baba Yusrah," Hildegarda alimwambia Mudi kutoka ndani ya kanga aliyojifunika, "wakati umefika."

Mudi akamwinamia. "Mama Loveth, jamani, pana wageni hapa. Yale mambo yalikuwa ya enzi zetu. Leo tumsindikize kwa heshima."

"Aliomba yeye."

"Alikuwa mgonjwa."

Hapo Hildegarda akafumba macho. Hakumwonea Mudi hasira; mtu hawezi kulikasirikia kabati. Alimwonea haya Kasiani, aliyelala pale akimsubiri.

Shamimu alivua viatu vyake. Aliondoka bila kumuaga mumewe, akaingia nyumbani kwa marehemu, ambako hakukuwa mbali, na aliporudi alikuwa amevaa ovaroli ya Kasiani yenye mafuta ya cheni, juu ya gauni la dukani, na mkononi anavuta baiskeli ya mtu. Akaipindua magurudumu juu mbele ya jeneza. Akazungusha gurudumu, akafumba jicho moja, akatoa ulimi upande wa kushoto.

Ulikuwa ni ulimi wa Kasiani mwenyewe, kama alivyoutoa akinyoosha ringi. Mtu mmoja akaguna, mwingine akashika mdomo.

"Ya nani hii? Ya Simoni?" alisema Shamimu kwa sauti nzito ya puani. "Rudi kesho. Padri, yako bado. Rudi kesho kutwa."

Kicheko kikapasuka. Hapakuwa na mtu Kimamba ambaye Kasiani hakumwambia rudi kesho.

"Na wewe Mnyamwezi mla michembe ya viazi," Shamimu akaligeukia jeneza, "umetuzungusha miaka yote, leo zamu yetu. Nenda, urudi kesho."

Akaruka shimoni na kuketi, akadai hatoki mpaka apewe jogoo. Ilibidi wanaume wawili wamvute, huku kucha za zambarau zimeshikilia udongo. Padri aligeukia pembeni. Hildegarda alicheka ndani ya kanga mpaka mbavu zikauma, na katikati ya kicheko ndipo kilio, ambacho siku tatu kilikataa, kikamjia.

Baada ya maziko Mudi alimfuata uani. Alikuwa amevua miwani.

"Mama Loveth, naomba radhi kwa alichofanya mke wangu. Mbele za watu vile."

Shamimu alikuwa ameketi mkekani na wanawake wa nyumba, bado na ovaroli, akisuguliwa matope miguuni. Hildegarda akasogea akakaa pale pale, bega kwa bega naye, kisha akamjibu Mudi kwa adabu zote.

"Karibu kiti pale mbele, bwana. Wageni wataletewa chakula."